Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli ya resi: kiongozi mlipe, baiskeli njoo na yako

Kwa wenye haraka: njia ni tamu, kiongozi mlipe bila kubishana, pikipiki ya kukusindikiza usiikatae hata wakikwambia ni hiari, ila baiskeli zao za kukodi achana nazo kama unayo ya kwako. Nyota 5 kwa watu, nyota 2 kwa vyuma. Wenye muda wao twende taratibu maana nina mengi.

Hii huduma ni ya vijana flani wa Lushoto, jina siweki hapa, ni biashara changa na yale yaliyonikera nimeshawaambia ana kwa ana wakanisikiliza vizuri tu, sioni haja ya kuwaanika. Wanachouza ni hivi: wanakupokea Mombo, pale kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha ambapo mabasi yanasimama watu wale, wanakupa baiskeli ya resi na kofia ngumu, begi lako linafungwa kwenye pikipiki, alafu unaanza kupanda milima ya Usambara na kiongozi wako pembeni hadi Soni, mnapumzika mnakula, mnamalizia hadi Lushoto mjini. Unalala. Kesho yake mnazunguka vijijini na kwenye jabali la Irente, alafu unashuka tena Mombo kudaka basi la kurudi. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, lami yote, kwa hiyo ukimwambia mtu umesafiri toka Dar kwenda kuendesha kilomita 33 anaweza kukucheka. Mwache acheke. Mombo ipo mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari na Lushoto inakaribia 1,400, hesabu mwenyewe hiyo tofauti inapandwa na nani kama sio miguu yako.

Mi natokea Dar, mazoezi yangu ni barabara ya Bagamoyo asubuhi na wenzangu, na kule mlima wetu mkubwa ni daraja. Kwa hiyo nilipopiga simu kabla ya safari niliuliza maswali matatu tu: gia za mbele zina meno mangapi, za nyuma mangapi, na tairi ina upana gani. Nikajibiwa "dada we usijali, baiskeli nzima hizo, zimetoka Ulaya". Sasa mtu yeyote aliyewahi kununua friji la mtumba anajua "imetoka Ulaya" sio jibu la swali lolote, ila nauli nilishalipa na wenzangu walishaniaga, nikaenda.

Kufika nikakuta fremu ya chuma ya zamani, nzuri kwa macho kwa kweli, bluu imepauka kistaarabu, mbele gia za meno 53 na 39, nyuma gia kubwa kabisa ina meno 25. Kwa ambao hamjawahi kuhesabu meno iko hivi, gia nyepesi kabisa ya ile baiskeli ni hiyo 39 kwa 25, ukizungusha miguu mara 60 kwa dakika, ambayo tayari ni kuburuza, inakulazimisha uende karibu kilomita 12 kwa saa. Tambarare hayo ni matembezi ya jioni. Kwenye mlima usioisha mtu wa kawaida hiyo 12 hana, kwa hiyo unasimama juu ya pedeli unakanyaga kwa uzito wa mwili mzima na magoti yanaanza kulalamika kabla hata mapafu hayajachoka. Ingekua 34 mbele na 32 nyuma, kwa mizunguko ile ile 60 unaenda kama kilomita 8, umekaa kwenye siti, unapiga stori na mwenzio, unaangalia migomba ya watu. Hivyo ni vyuma viwili tu vya kubadilisha, na ndo vinavyoamua kama utarudi unasema Usambara pazuri au unasema uliteswa.

Tairi nazo zilikua milimita 23, zimejazwa upepo mpaka ukizigonga na kidole zinalia. Kwenye lami mpya sawa, ila ile lami ina viraka vyake, ina kokoto zinazodondoka toka kwenye majabali ya juu hasa mvua ikitoka kunyesha, na ukishatoka Lushoto kwenda vijijini ni vumbi na mawe. Milimita 28 ndo ya chini kabisa ningemshauri mtu, 32 kama fremu yako inapitisha.

Tuwe wakweli lakini, sio kwamba ni wazembe. Cheni ilikua imepakwa mafuta vizuri, urefu wa siti walinipimia wenyewe mpaka goti likakaa sawa, walikua na tyubu za akiba, pampu, viraka na sulusheni, spana zote muhimu zipo kwenye mfuko wa kiongozi. Wanajua kutunza baiskeli. Kasoro yao ni kwamba wamenunua baiskeli za kukimbizia tambarare wakazileta mlimani.

Sasa njia yenyewe. Kiongozi anasisitiza muwe barabarani saa 12 na nusu asubuhi, kwa hiyo inabidi ulale Mombo, gesti zipo za kila bei, na usibishane naye kwenye hilo la muda. Kwanza Mombo ni joto, sio utani, jua likishasimama pale chini unapoteza maji yote kabla hujafika kona ya kwanza. Pili, baadae asubuhi Noah na Coaster za Lushoto zinaanza kupishana kwa fujo na Fuso za mbogamboga zinashuka zimejaa kabichi mpaka juu ya kichwa cha dereva, na barabara ni nyembamba. Saa 12 na nusu barabara ni yako na ndege.

Unaanza na ukuta. Yaani unatoka pale mjini, mlima umesimama mbele yako, na kwa macho huoni kabisa barabara inapenya wapi. Inapenya kwenye korongo. Ukishaingia humo mto ndo unakua kampani yako, unausikia kabla hujauona, uko chini huko kwenye mawe, wewe unapanda wenyewe unashuka, na kila kona unabadilisha kivuli na jua. Upande mmoja jabali, upande mwingine hewa. Kingo za barabara kuna sehemu zipo, kuna sehemu ni mawe yamepangwa, kuna sehemu ni imani yako tu. Mlima sio wa kutisha kwa ukali, ni ule wa kati kati usiokupa nafasi ya kupumua, unakula kilomita kumi na kitu mfululizo mpaka Soni na ndo maana nimeongea sana habari za gia hapo juu.

Hapa ndo niliielewa pikipiki. Nilidhani kazi yake ni kubeba begi. Kumbe mkipanda yule kijana anakaa nyuma yenu mita kadhaa, gari likija nyuma anatanua kidogo kuelekea katikati ya barabara ili dereva apunguze mwendo, akiona mbele kweupe anasogea pembeni anampa mkono apite. Mkishuka inakua kinyume, anatangulia mbele, kila kona kali anapiga honi ndefu kabla hajaingia, na wenyeji wa ile barabara wote wanaendesha hivyo hivyo, honi ni salamu ya kona, asiyepiga ndo mgeni. Kuna Noah moja ilikua na haraka zake, dereva akatoa kichwa dirishani kutaka kugomba, kijana akamsalimia kwa Kisambaa maneno mawili matatu, jamaa akacheka akapita polepole. Hiyo huwezi kuinunua ukija mwenyewe.

Kati kati ya korongo tulimkuta mzee anasukuma baiskeli ya kawaida ile ya chuma kizito, haina gia hata moja, nyuma ana gunia na pembeni kuna dumu, anapanda kwa miguu bila haraka. Nikamsalimia, shikamoo baba. Marahaba mwanangu, mnashindana? Kiongozi akamjibu hapana mzee, tunatembea tu. Mzee akaiangalia baiskeli yangu toka juu mpaka chini, zile tairi nyembamba, akauliza hiyo inabeba nini? Nikasema inanibeba mimi. Akatikisa kichwa akaendelea kusukuma, na wallahi pale kwenye mlima mkali mwendo wake na wetu ulikua haupishani sana.

Kadri unavyopanda hewa inabadilika, inasemwa kila mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 na hapa unalisikia kwenye ngozi kabisa, jasho la Mombo linaanza kukauka, chini ulikua na katani na miti ya miiba, juu unaanza kuona migomba, mikaratusi, nyumba za tofali zimening'inia kwenye miteremko ambayo mi nisingethubutu hata kusimama. Karibu na Soni kuna maporomoko, unayaona kutoka barabarani bila kulipa chochote, maji yanadondoka kwenye jabali kubwa, na ukisimama pale upepo unakuletea manyunyu usoni. Tulikaa pale sana kuliko ratiba. Kiongozi hakuangalia saa hata mara moja, hii naiweka kwenye alama zake.

Soni yenyewe ni sehemu ya njia panda, ukiendelea unaenda Lushoto, ukikata unaenda Bumbuli, soko lipo hapo hapo, kina mama wamepanga plamsi, peasi na parachichi kwenye visado na ndoo ndogo. Chai ya maziwa na chapati mbili na maharage, ukiwa umetoka kupanda, bei ambayo Dar hupati hata soda. Mama aliyetuhudumia aliniangalia ninavyokula akaongeza maharage bila kuulizwa, "kula mwanangu, mlima bado upo". Wanaopanga kuja na vile vichokoleti vya nguvu vya kwenye pakiti, acheni, hela hiyo nunueni ndizi mbivu na plamsi hapa, na chumvi kidogo kwenye chupa ya maji inatosha.

Pale Soni ndo nikasema hizi breki lazima ziangaliwe kabla ya kesho kushuka. Kuna vibonde vidogo tulivyokua tumeshuka, nabana breki naona baiskeli inanifikiria kwanza. Kiongozi akanipeleka kwa fundi, kakaa chini ya mti na ndoo yake ya spana na tyubu za zamani zimening'inia kwenye tawi. Fundi akachomoa raba ya mbele, akaiminya kwa ukucha, haikubonyea hata kidogo, akaniuliza "dada, hii ni raba au kwato?" Ilishakua ngumu na inang'aa kwa kukaa miaka. Za nyuma akazisugua na msasa mpaka ule mng'ao ukaisha na weusi mpya ukatokea, akafuta na ringi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, za mbele akasema hizi hazifufuki akaweka mpya za baiskeli ya kawaida, akazisogeza ziguse ringi sawasawa zisile tairi. Sh 3,000 kazi yote na raba. Kiongozi alilipa yeye, akasema hii ni ya ofisi. Sawa, nashukuru, lakini jamani raba za breki za sh 3,000 zinasubiri mteja azigundue akiwa mlimani? Hii ndo sababu kubwa ya zile nyota 2.

Tena mambo ya breki nisiyaache hewani maana kuna watu wanakuja pale na baiskeli zao nzuri na hawajui. Ukishuka muda mrefu kwa breki zinazobana ringi, ukiwa umebana mfululizo bila kuachia, ringi inapata moto, na moto ukizidi tyubu inaweza kupasuka wakati uko kwenye kona na pembeni ni ile hewa niliyoisema. Namna yake ni kubana kwa nguvu kidogo kabla ya kona, uachie, ringi ipoe, mbele na nyuma kwa kupokezana, na ukiona vidole vimekufa ganzi simama, piga picha, jifanye unapenda mandhari. Wenye breki za disiki wana nafuu ila nao wasijisahau.

Soni kwenda Lushoto ni sehemu nyingine kabisa, hapa ndo yale mambo ya vijiji vimetulia na mabonde niliyokua nayaota. Mlima unalegea, unapanda kidogo unashuka kidogo, bonde limefunguka, chini kuna vijito na watu wamechonga mifereji ya kupeleka maji kwenye vitalu vya kabichi, karoti, hoho, nyanya, kila kipande cha ardhi kimelimwa mpaka unajiuliza mtu aliyelima pale juu anavunaje. Watoto wanatoka shule wanakimbia pembeni yako, mmoja alinisukuma mgongoni kabisa kwenye kipandio, kwa nia njema, karibu anitie mtaroni. Sauti ni za majembe, mbuzi, redio ya mtu mbali, na cheni yako. Magari yapo lakini sio mengi, na kwa spidi tuliyokua nayo unasalimiana na kila mtu, usipige kimya Usambara, utaonekana huna adabu, shikamoo zako ziwe tayari na uwe na pumzi za kuzitoa.

Kiongozi sasa. Huyu kijana ndo bidhaa yenyewe. Anaendesha vizuri, alikua na gia nyepesi (niliona!) lakini hakuwahi kuniacha, ananiambia kona inayofuata imekaaje kabla hatujafika, wapi kuna maji safi, wapi kuna mbwa. Na ana historia ya kwao kichwani bila kusoma karatasi. Kwa upande wa Soni alinionyesha uelekeo wa Vuga, makao ya zamani ya wafalme wa Usambara, akanipa habari ya Mbegha, yule mwindaji aliyekuja toka milima ya Nguu, akawasaidia watu na nguruwe pori waliokua wanamaliza mashamba, akagawa nyama, mwisho wakamfanya mfalme na ukoo wake wa Wakilindi ukatawala Usambara. Alafu kesho yake tukiwa Irente, tumekaa kwenye lile jabali unapoona nyika yote chini mpaka macho yanachoka, akanionyesha Mazinde pale chini, akasema baada ya mfalme Kimweri kufariki mwaka 1862 watoto na wajukuu wakaanza kugombana, na mtoto wake Semboja akaweka makao yake kule Mazinde bondeni kwa sababu misafara ya biashara ya pembe na watumwa ilikua inapita chini, sio mlimani, mwenye kukaa njiani ndo anapata bunduki. Mi nimesoma shule ya Tanzania miaka yote na hii hakuna aliyewahi kunieleza hivyo, nikiwa naiangalia sehemu yenyewe kwa macho. Ukienda pale mwenyewe utapiga selfi utaondoka.

Lushoto usiku ni baridi, jamani mtu wa pwani beba sweta, hasa Juni mpaka Agosti, na uliza gesti kama maji ya moto yapo kweli au yapo kwenye bango. Mji ni mdogo na mpole, Wajerumani waliuita Wilhelmstal enzi zao na majengo yao kadhaa bado yapo, miti mikubwa barabarani, soko zuri. Sitaongelea sana malazi maana kila mtu ana mfuko wake, mi nilikula wali maharage na mboga za majani nikalala saa 3 usiku.

Kuhusu mzunguko wa siku ya pili, hapa wanahitaji kujipanga. Kwenye ratiba yao waliandika "vijiji kwa baiskeli ya resi" na mimi nawaambia kwa tairi za 23 haiwezekani kwa raha. Njia ya Irente ina vipande vya vumbi na mawe, nilishuka nikasukuma zaidi ya nilivyoendesha, nikapata pancha sehemu ambayo kiongozi alikua ameshanionya kabisa. Alibadilisha tyubu haraka, watoto wametuzunguka wanahesabu njiti za ringi kwa sauti. Shamba la Irente pale njiani ni la kusimama, wanatengeneza jibini na mikate na jemu zao wenyewe, kaa bustanini, kula, wala usiharakishe. Nilitaka pia kupanda mpaka msitu wa Magamba, ile hifadhi ya mazingira asilia yenye mbega weusi na weupe, kiongozi akaniambia ukweli kwamba kwa baiskeli hii tutaishia kugombana, njoo siku nyingine na tairi nene. Nilipenda alivyosema hapana, wengine wangekupeleka tu ili walipwe. Kijiji cha Mtae vile vile, ni mbali na sehemu kubwa ni vumbi, hiyo ni ya baiskeli ya mlima, anayekuuzia kwa resi anakudanganya.

Kushuka Lushoto mpaka Mombo mchana ule ndo kitu nitakirudia. Raba mpya zinashika, pikipiki mbele inapiga honi, hewa inazidi kuwa ya moto kila kona, masikio yanazibuka, na kipande kilichokutesa asubuhi nzima kinaisha kabla hujakifurahia vya kutosha. Sikuachia kabisa spidi, na usiachie, kuna kokoto na kuna ng'ombe. Na kama wingu limekaa vibaya sema hapana, lami ile ikilowa na raba zikilowa breki za ringi zinachelewa kushika, bora upakie baiskeli kwenye Coaster. Vijana wenyewe walisema wakiona mvua kubwa wanafuta kushuka na wanakurudishia hela ya hicho kipande, mi sikuipata hiyo mvua kwa hiyo naandika walivyosema tu.

Bei, maana najua mtauliza. Baiskeli sh 50,000 kwa siku, kiongozi sh 60,000, pikipiki na mafuta sh 40,000, chakula na kulala juu yako. Walianza na bei kubwa zaidi, nikawaambia mi ni Mtanzania na ninalipa kwa simu sasa hivi, wakashuka bila kelele. Mkiwa wawili au watatu kiongozi na pikipiki mnagawana inakua nafuu sana. Ukija na baiskeli yako unaokoa ile 50,000 kwa siku na unapata safari bora zaidi, hesabu yake haina hata mjadala. Kofia yao pia, mkanda wake ulikua umelegea nikaufunga fundo, njoo na ya kwako.

Niliwaambia yote haya tukiwa tunakunywa soda Mombo. Kuhusu frivili, yaani zile gia za nyuma, walisema za meno 32 wameagiza, kuhusu raba za breki yule mkubwa wao alikaa kimya kidogo alafu akaandika kwenye simu. Wakibadilisha nitakuja kuongeza nyota hapa hapa, na kama kuna mtu ameenda baada yangu akakuta gia mpya aniambie.

Miezi: epuka masika, Machi mpaka Mei, mawe yanashuka na ukungu unafunga. Januari na Februari ni kukavu ila Mombo utaiva. Juni mpaka Septemba ndo penyewe kama baridi unaivumilia.

Na kuhusu kubeba baiskeli kwenye basi toka Dar, ongea na konda kabla hujakata tiketi sio baada, toa magurudumu yote mawili, funga fremu kwenye blanketi kuukuu, iwekwe juu ya mizigo mingine kwenye buti na wewe mwenyewe usimame pale mpaka mlango ufungwe. Mi nilivyoulizia walisema 10,000, jirani yangu kalipa 5,000 kwa basi hilo hilo, inategemea umeamkaje na konda kaamkaje. Mombo basi halikai sana, kwa hiyo mkikaribia sogea mlangoni mapema.